Gari la Mbali, Barabara ya Kwetu

Nawasalimu wa Karatu mjini, wa Rhotia, wa Mbulumbulu, wa Endabash na Oldeani, na ndugu zetu wa Mang'ola wenye vitunguu vyenu. Wa Endulen na Nainokanoka, sopa! Sogeeni karibu na redio, maana mazungumzo ya leo yanagusa mfuko.

Jioni hii tunazungumza juu ya kununua gari lililotumika, gari lililo mbali, na kulifikisha nyumbani likiwa zima. Nikisema mbali nina maana ya Japani, yanakotoka magari mengi tunayoyaona hapa. Lakini nina maana pia ya Dar es Salaam, na hata Arusha, kwa mtu usiyemjua. Na nikisema nyumbani, msikilizaji, nina maana ya hapa hapa kwetu, kwenye udongo mwekundu unaoteleza masika na kuwa vumbi kiangazi.

Kwa nini nimelichagua jambo hili? Kwa sababu kwetu pesa ya gari huja mara moja. Mkulima wa vitunguu akibahatika na bei, dereva wa watalii akimaliza msimu mzuri, ndugu watatu wakiunganisha akiba zao, pesa hiyo ndiyo hiyo, nyingine kama hiyo haiji mwakani. Na gari likifika kijijini haliwi la mtu mmoja. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, mlango unaogongwa ni wa mwenye gari. Mtoto akivunjika mguu, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo likija gari bovu, wanaopata hasara ni wengi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo neno langu la leo. Hasara kubwa mara nyingi haitokani na bei ya gari. Inatokea katikati, kati ya ile picha uliyoiona kwenye simu na siku gari linapoegeshwa mlangoni kwako. Inatokea mahali ambapo wewe hukuwepo, na hukumlipa mtu yeyote akuangalizie. Mnadani kwetu nani hununua ng'ombe kwa kusimuliwa? Tunamfungua mdomo tukaona meno, tunamtembeza, tunamshika mgongo. Gari lina thamani ya ng'ombe wengi, na bado mtu analinunua kwa picha tano na sauti ya dalali kwenye simu.

Tuanze na Japani. Umewahi kujiuliza kwa nini Wajapani wanauza gari ambalo kwa macho yetu bado ni jipya? Kule kila gari lina ukaguzi wa lazima wa serikali. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo pamoja na matengenezo yake na bima ni gharama kubwa, na gari la petroli likizidi miaka 13 kodi yake ya mwaka huongezeka. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona bora auze anunue jingine. Linakwenda mnadani, na kutoka mnadani linakuja kwetu, kwa sababu sisi nasi tunaendesha upande wa kushoto na usukani wetu uko kulia. Hata sheria zao za moshi zimetuletea magari. Sheria ya mwaka 2001 iliwazuia wenye magari ya dizeli ya zamani kuendelea kuyasajili katika maeneo ya miji mikubwa kama Tokyo, Osaka na Nagoya. Gari ambalo kule halikuwa na pa kwenda, huku Arusha na Karatu lilipokewa kwa mikono miwili.

Kwa hiyo gari kuuzwa bei nafuu Japani hakumaanishi kuwa ni bovu. Wala hakumaanishi kuwa ni zima. Lazima lionwe.

Lakini kabla ya kuliona gari, iangalie barabara yako. Naomba hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea mapema kabisa. Mtu anachagua gari kwa sura yake, au kwa sababu jirani analo. Jirani anakaa mjini karibu na lami. Wewe unakaa ndani, kilomita nyingi kutoka lami, na mvua zikianza ile njia inakuwa utelezi mtupu. IST ni gari zuri, halinywi mafuta, spea zake zimejaa kila duka. Lakini lipeleke Mang'ola kila wiki uone. Liko chini, mawe yatalipiga tumbo, na siku sampu ikipasuka oili yote imebaki njiani.

Chukua Noah, gari tunalolijua wote. Noah za zamani, zile ambazo injini iko chini ya viti vya mbele, zinafanana sana kwenye picha. Lakini soma herufi na namba za mwanzo kwenye namba ya chesisi. Ukiona SR40, hiyo inavutwa na magurudumu mawili ya nyuma. Ukiona SR50, hiyo ni foo wili, magurudumu yote manne yanavuta. Ni namba moja tu imebadilika, 4 imekuwa 5, na kwa mtu wa Mbulumbulu mwezi wa nne tofauti hiyo ni kufika au kulala njiani. Na ile Noah iliyofuata ina mpango wake pia: AZR60 inavuta kwa magurudumu ya mbele, AZR65 ni foo wili. Hizo AZR nyingi zina injini ya D4, ambayo mafundi wengi wa huku wanaiogopa, kwa sababu inachagua mafuta na pampu yake ni ghali. Mwulize fundi wako kabla ya kulipa, usimwulize baada.

Nimesema fundi wako. Nani atalitengeneza gari hili hapa Karatu? Swali hilo liulize mapema. Waongoza watalii wetu wanaipenda Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, na wana sababu. Ni dizeli ya silinda 6, haina vifaa vingi vya umeme, na fundi wa hapa anaifungua na kuifunga bila kuhitaji kompyuta. Ikikuharibikia Ndutu, utapata dereva mwenzako anayejua pa kugusa. Gari zuri kwako ni lile ambalo fundi wa karibu anakwambia, "Hili nalijua."

Na hapa niseme maoni yangu wazi. Si kila mtu ana haja ya kwenda Japani. Magari ya utalii yanayostaafishwa Arusha ni mengi, na mtu anayetaka gari la kubebea vitunguu au mahindi angeanza kuuliza huko. Ila ukilitazama gari la utalii, ingia chini yake. Mengi yalikatwa na kurefushwa katika gereji za Arusha ili yapate safu moja zaidi ya viti. Tafuta mahali chesisi ilipounganishwa, pitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea. Ukiona ufa mwembamba, au kutu inayochungulia kwenye rangi mpya, acha. Gari lililofanya kazi Ndutu na kule chini kreta limepita kwenye maji na vumbi la magadi, na magadi hula chuma taratibu kwa ndani.

Haya, umeshajua barabara yako, umeshazungumza na fundi. Sasa unatazama gari la Japani. Utaliona kwa macho gani?

Kuna karatasi moja ambayo wanunuzi wengi hawajawahi kuiomba. Magari mengi kule hupitia mnadani, na kila gari mnadani lina karatasi yake ya ukaguzi. Juu kuna alama ya jumla, kwa mfano 4, au 3.5. Ukiona R au RA, ujue gari liliwahi kugongwa au kubadilishwa sehemu kubwa ya mwili likatengenezwa. Chini yake kuna mchoro wa gari, na kwenye mchoro kuna herufi ndogo. A ni mkwaruzo. U ni mbonyeo. W ni mahali palipopigwa na kunyooshwa, rangi ina mawimbi. S ni kutu. Mchoro wenye A mbili tatu usikutishe, hiyo ni mikwaruzo ya kawaida. Lakini S zikiwa nyingi, uliza gari lilikuwa linakaa mkoa gani. Kaskazini mwa Japani huanguka theluji nyingi, barabara zake humwagiwa chumvi, na chumvi ile hula sakafu ya gari na mabomba ya breki. Juu linang'aa kama jipya, chini limeoza.

Omba karatasi hiyo. Muuzaji akisema hana, omba picha za chini ya gari, za viti, za pedali. Kilomita kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, lakini raba ya pedali ya breki haidanganyi. Gari linaloandika kilomita 60,000 huku pedali imelika hadi chuma, basi limekwenda zaidi ya hapo. Na lipia ukaguzi wa mtu wa tatu, mtu ambaye si muuzaji na si dalali. Katika gharama zote za safari hii, ya ukaguzi ni ndogo kuliko karibu zote, na ndiyo watu wanayoikata kwanza.

Kuhusu ukaguzi wa TBS, yaani Shirika la Viwango letu, niseme kwa kifupi tu. Utaratibu wake umebadilika kwa nyakati tofauti. Kuna wakati magari yalikaguliwa kule yanakotoka, na kuna wakati yakakaguliwa Dar es Salaam baada ya kushuka melini. Kabla hujalipa, uliza TBS wenyewe utaratibu wa sasa ni upi, usitegemee alivyofanya binamu yako miaka ile.

Tuje kwenye kodi, maana hapa ndipo watu wanapoachia magari bandarini.

Msikilizaji, bei uliyolipa Japani si lazima iwe ndiyo bei ambayo TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wanaitumia kukutoza. Wana thamani yao ya kila aina ya gari na mwaka wake, na kikokotoo chao kiko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kukifungua kwenye simu. Ukipata gari kwa bei ya kutupa, kodi haishuki pamoja nawe. Na kodi zinapandana: ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa, juu ya vyote hivyo VAT. Halafu kuna ule wa uchakavu. Kwa viwango tulivyovizoea miaka hii, gari la kutembelea lililozidi miaka 10 tangu litengenezwe huongezewa asilimia 30, na la kati ya miaka 8 na 10 asilimia 15. Bajeti ya kila Juni inaweza kuvibadilisha, kwa hiyo angalia upya.

Nitoe mfano mmoja tu. Tuseme gari lina injini isiyozidi cc 2000, na thamani yake hadi bandarini, pamoja na usafiri na bima, TRA wanaihesabu milioni 10. Likiwa na umri wa miaka 7, kodi zake kubwa zinafika kama milioni 5 na nusu. Gari la thamani hiyo hiyo lakini limezidi miaka 10, kodi inakaribia milioni 10, yaani unalinunua mara mbili. Umeona? Ndiyo maana mtu anaweza kununua gari kuukuu akidhani ameokoa pesa, kisha anauza shamba ili alitoe bandarini. Anza na kikokotoo, kisha ndipo utazame picha.

Majirani zetu Kenya wao hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka 8 kuingia. Sisi tunaruhusu, lakini tunalitoza. Na kwa wale wanaovutiwa na gari lenye namba ya Kenya kwa sababu Namanga ni karibu, au lenye namba ya Zanzibar kwa sababu bei yake inapendeza, kumbukeni kuwa magari hayo yana taratibu zake za forodha hadi yawe halali huku kwetu. Nenda ofisi ya TRA uulize. Kuuliza ni bure.

Sasa kuhusu kulipa. Hili naomba mwenye masikio alishike, na asiyekuwepo mwambieni. Kodi ya serikali hulipwa kwa kontro namba. Hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu. Hailipwi mkononi kwa wakala ukaambiwa utaletewa risiti. Wakala wa forodha ana ada yake, na ada hiyo unamlipa yeye kwa makubaliano ya maandishi. Lakini kodi, omba kontro namba, lipa mwenyewe benki au kwa simu yako, risiti ibaki kwako. Na muuzaji wa Japani naye alipwe kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, ileile iliyoandikwa kwenye hati ya madai. Jina la akaunti likiwa la mtu binafsi, simama hapo hapo. Akikwambia, "Fanya haraka, kuna mteja mwingine," mwache auziwe huyo mteja mwingine.

Meli za magari kutoka Japani hadi Dar es Salaam huchukua kama mwezi mmoja hadi mwezi na nusu. Muda huo usiutumie kusubiri tu. Hakikisha hati ya shehena, ile mawakala wanaiita bieli, na cheti cha kufutwa usajili kule Japani vimefika mkononi kabla ya meli. Gari likishuka karatasi hazijafika, siku za bure zinakwisha na storeji inaanza kuhesabiwa kila siku. Pesa hiyo ya storeji hainunui hata bolti moja.

Nimesema nitazungumza pia juu ya kununua kwa mtu, gari ambalo tayari lina namba zetu za T. Hapa jambo linaonekana jepesi, kwa sababu unaliona gari, unaliwasha, unaliendesha. Lakini karatasi zake unaziona? Kadi ya gari halisi iko wapi? Ukiambiwa iko benki, au iko kwa mtu, basi huenda gari hilo limewekwa rehani; usikubali kuuziwa deni la mwingine. Soma namba ya chesisi kwenye kadi, kisha isome kwenye chuma chenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Jina la kwenye kadi ndilo la anayekuuzia? Kama mwenye kadi amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa wa marehemu peke yake hatoshi, hata akiwa mwaminifu namna gani. Angalia faini za polisi kwa namba ya gari, na kama limekaa mjini angalia pia deni la maegesho. Mkubaliane nani analipa. Andikeni mkataba mbele ya wakili, kisha nendeni TRA mbadilishe umiliki. Usikae na gari lenye jina la mtu mwingine ukisema utabadilisha msimu ujao. Siku likigonga mtu, utatafuta wa kukusaidia usimpate.

Haya. Gari limetoka, namba zimefungwa, ufunguo uko mkononi. Uko Dar es Salaam, na kutoka hapo hadi Karatu kuna karibu kilomita 800. Hapa ndipo furaha inapowaangusha watu.

Usiku ule ule mtu anataka kuondoka, kwa sababu nyumbani wanamsubiri. Amesimama bandarini na ofisini tangu asubuhi, hajala vizuri, gari halijui, na anaingia barabara kuu gizani akichanganyika na mabasi na malori. Ndugu yangu, lala. Gari limekaa baharini mwezi mzima, haliharibiki kwa kukaa usiku mmoja kwenye maegesho.

Na asubuhi, kabla ya kuondoka, piga magoti. Tazama tairi ubavuni. Utaona herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne kwenye kiduara kidogo. Zikiwa 2316, maana yake tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa huku raba yake imeshakauka, na likipata joto la nyanda za Mombo na Same kwa mwendo wa lami, linapasuka. Angalia tena kama limeandikwa STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji, raba yake ni laini, limetengenezwa kwa baridi ya kule. Kwenye joto letu linalika upesi na breki zake hazina uhakika. Badilisha matairi Dar es Salaam kabla ya safari. Badilisha oili, badilisha maji ya rejeta, tazama mkanda wa feni. Fungua nyuma uhakikishe tairi la spea, jeki na spana ya magurudumu vipo, kwa sababu vitu hivi hupotea njiani mara nyingi. Bima iwe imeshakatwa, na uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, maana stika ya bandia nayo ipo.

Kisha ondoka kukipambazuka. Kibaha, Chalinze, Segera, Korogwe na mashamba yake ya mkonge. Simama Korogwe. Si kwa ajili ya chai tu. Zunguka gari, weka mgongo wa kiganja karibu na kila ringi. Magurudumu manne yanatakiwa yawe na joto la kukaribiana. Moja likiwa linaunguza, breki yake imeshika au beringi inakufa, na fundi wa Korogwe atakutengenezea kwa bei ndogo kuliko lori la kukuvuta kutoka katikati ya pori. Fanya hivyo tena Same, na milima ya Upare ikiwa kuliani kwako. Kwenye vibao vya 50, nenda 50. Unajua mwenyewe, tochi haijali kuwa gari ni jipya.

Ukifika Moshi jioni, lala Moshi. Arusha, lala Arusha. Kuna madereva wanaochukua kazi ya kuleta magari kutoka Dar es Salaam, na wengi ni mahiri. Lakini umlipe kwa safari ya siku mbili, umwambie wazi hutaki afike usiku. Dereva anayelipwa kidogo atakimbiza ili awahi gari jingine. Wale wa magari ya IT, yanayotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo, tunasikia ajali zao kila mara, na uchovu umo ndani yake.

Kutoka Arusha unakata kulia Makuyuni, na barabara hiyo iliyowekwa lami hadi lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijengwa kwa msaada wa hao hao Wajapani. Ukitoka Mto wa Mbu unaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo ndipo gari lako linakupa jibu la kweli. Zima redio. Fungua kioo. Tazama mshale wa joto. Mshale ukipanda kabla ya kona za juu, rejeta imeziba au feni haifanyi kazi, simama pembeni lipoe. Na siku utakayoteremka na gari lenye gia za otomatiki, usiliache kwenye D ukakanyaga breki hadi chini. Weka 2, au L, injini ilishike gari. Madereva wetu wa kreta wanalijua hili kwa vitendo, maana kreta inashuka kama mita 600. Mwombe mmoja wao akae nawe kiti cha mbele safari yako ya kwanza.

Nimalizie na mambo mawili ambayo wasikilizaji huniuliza kila mara. La kwanza ni yule mama wa Kijapani anayeongea ukiwasha gari. Watu wanaogopa kwamba gari lina hitilafu. Mara nyingi anasema tu kwamba kadi ya kulipia barabara za kule haijaingizwa. Kifaa chake kinatolewa na fundi umeme kwa dakika chache. La pili ni redio. Redio nyingi za magari ya Japani hukamata FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya 90. Ukizunguka usitupate, si kwamba mtambo wetu umezimika. Kuna kifaa kidogo cha kushusha masafa, mwambie fundi umeme akufungie nyuma ya redio.

Kama una swali kuhusu kadi za magari au kuhamisha umiliki, liandike ulilete hapa studio kabla ya Ijumaa. Wiki ijayo nitakaa na wakili na fundi, tutayajibu kwa pamoja, moja baada ya jingine. Walio barabarani usiku huu kati ya lango la Lodoare na Karatu, ukungu umeshashuka, washeni taa na mpunguze mwendo. Usiku mwema.